Jumapili Zako Zote

Ghala la Baridi, chumba cha wapakiaji,
kitanda cha tatu kutoka mlangoni.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.
Leo ni miaka sita, miezi miwili na siku nne tangu niondoke nyumbani.

Kwako Dada yangu mpendwa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limepumzika kutabiri mvua. Shemeji hajambo? Mwambie kikohozi chake nilikisikia kwenye simu, na kwamba sijawahi kusikia mtu aliyeponywa kikohozi na sigara. Wapwa zangu nawasalimu wote, hasa yule mdogo anayeniita Mjomba Barafu. Mwambie mjomba wake bado hajaganda.

Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini huo ulianza kulalamika zamani na nimeuzoea. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi kwa baridi, ndiyo maana mwandiko umeota mbavu. Mwandiko wangu unaujua, haukuwahi kuwa mzuri. Darasa la sita ndilo lililoniacha mimi, si mimi niliyeliacha.

Utashangaa kuona barua badala ya simu, wakati wiki iliyopita tu umenipigia. Dada, nianze na uongo mdogo ili mkono upate moto. Uliponipigia ukasema sauti yangu iko mbali, nilikujibu kwamba mtandao unasumbua, kisha simu ikakatika. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala karibu na mapipa ya taka, nakusikia kama uko pembeni yangu, na simu niliikata mwenyewe. Tangu siku hiyo nimejaribu kukupigia mara tatu. Naangalia jina lako, "Dada", kidole kinakataa. Kuna maneno hayawezi kupita kwenye simu, maana mtu akikujibu haraka unayameza. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Barua yenyewe hii ni ya nne. Tatu nimezichana. Leo ni siku yangu ya mapumziko, wenzangu wameenda kutazama mpira, nami nakaa, nasimama, nafua soksi ambazo nilizifua jana, nakaa tena. Kobe yuko kitandani kwake ananitazama. Ameniuliza kama naandika barua au nafukuza nzi.

Kobe nilikueleza mwaka juzi, ni yule mzee tunayelala chumba kimoja. Amepakia na kupakua hapa miaka ishirini na saba. Mwezi uliopita walimstaafisha, ila kitanda bado hajakiachia. Tulipangwa mstari mbele ya mlango mkubwa, bosi ambaye hatujawahi kumwona akateremka kwenye gari, akasoma karatasi, akampa Kobe cheti na saa ya ukutani. Cheti kimeandikwa miaka kumi na saba. Watu wakapiga makofi, bosi akapanda gari. Kobe akaniambia jioni ile, huku akitafuta msumari wa kutundika saa, kwamba amepewa saa siku ambayo hana tena pa kuwahi. Tulicheka sana. Halafu akasema jambo lililonikaa. Alisema hiyo miaka kumi iliyopotea kwenye cheti haimuumi. Kinachomuuma ni kwamba aliyempongeza hajawahi kumwona akibeba hata katoni moja.

Nakueleza haya kwa sababu siku nane baadaye ndipo ulipopiga wewe na habari yako.

Dada, hongera. Kwenye simu sikusema hata hongera, nilisema tu "ah, ah, ah" kama mtu aliyekanyaga msumari. Hongera kwa miaka thelathini na mbili ya unesi, kwa zahanati moja ileile, kwa njia ileile ya vumbi asubuhi na jioni. Wilaya nzima wamechagua watumishi sita tu wa kuwaheshimu, na wewe ni mmojawapo. Uliniambia mwenzako mmoja ni mchimba visima na mwingine ni mwalimu wa viziwi, ukasema umeona haya kuwekwa mstari mmoja na watu kama hao. Hivyo ndivyo ulivyo. Ukikalishwa kiti cha mbele utauliza kama kuna mtu hajapata kiti.

Ukanieleza na utaratibu wenyewe. Kwamba hakuna hotuba za wakubwa. Kwamba kila anayeheshimiwa atapanda jukwaani na mtu mmoja, shahidi wa kazi wanamwita, na shahidi huyo atasimulia alichokiona kwa macho yake, si alichosikia. Kwamba mganga mkuu alikuwa tayari kuwa shahidi wako, mwenyekiti wa mtaa naye alijitolea na suti tayari ameipeleka kupigwa pasi, wewe ukawakataa wote wawili. Ukasema umenitaja mimi. Nikauliza kwa nini mimi, mbeba katoni za kuku. Ukajibu, "Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa nami mwaka wa surua."

Hapo ndipo nilipokata simu.

Siku ya pili yake katibu wa kamati ya sherehe alinitumia maelezo yote kwenye simu. Nilisoma chini yake jina la mwandishi, nikaketi juu ya katoni. Sikujua kwamba binti wa fundi cherehani amekua kiasi hicho. Kichwani mwangu bado ni kile kitoto cha mgongoni chenye kofia ya manjano. Kumbe ni karani wa kata, ndiye katibu mwenyewe, ndiye aliyekupendekeza, na ndiye aliyeandika sifa zako. Ameandika vizuri. Ameandika kwamba alipoumwa surua akiwa mdogo na jicho lake la kushoto likafa, wewe ulikwenda kwao kila siku kumsafisha jicho la pili mpaka likanusurika. Halafu ameandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Tangu mwaka ule, Sista hajakosa Jumapili hata moja. Siku ambayo kila mtumishi hupumzika, yeye hufungua zahanati, hupima joto la friji ya chanjo kwa mkono wake, huandika, hufunga, hurudi nyumbani. Miaka ishirini na miwili. Kwa Jumapili hizo tunamheshimu."

Nilimpa Kobe asome. Yeye hesabu anazijua. Alizidisha kwa kidole hewani akaniambia ni Jumapili elfu moja mia moja arobaini na nne, bila kuhesabu siku za ziada. Akasema dada yako ni mtu wa ajabu. Nikasema ndiyo. Nikatoka nje nikalizunguka ghala mara mbili. Mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Kuna kingine kilichotokea hapa, na bila hicho huenda ningeendelea kukaa kimya, maana kimya nimekizoea kama viatu vya zamani.

Mlangoni mwa chumba cha baridi kuna karatasi. Ina visanduku. Kila baada ya saa mbili mtu anatazama kipimajoto, anaandika nyuzi, anatia sahihi. Wiki tatu zilizopita aliyekuwa akifanya kazi hiyo aliacha, na msimamizi wetu, tunamwita Bwana Haraka, akanikabidhi kalamu. Alidhani ananipa ulaini. Nikaanza kuandika. Ikiwa saa nne, naandika saa nne. Ikiwa imepungua nusu, naandika nusu. Nilifika mahali nikawa nafungua mlango kila saa badala ya saa mbili. Wenzangu wakaanza kuniita Profesa wa Baridi. Kila nikipita wanauliza, Profesa, leo kuku wana hali gani?

Siku ya nne nikakuta visanduku vyangu vyote vimeshajazwa mpaka jioni. Ishirini chini ya sifuri, ishirini chini, ishirini chini, mstari mzima, wino mmoja, mkono mmoja, umelala upande mmoja. Nilimfuata Bwana Haraka nikamuuliza ni nani. Akasema ni yeye, amenisaidia, maana nachelewesha malori kwa kuchungulia chungulia. Nikamwambia hiyo si kusaidia. Nadhani nilipaza sauti, kwa sababu wapakiaji waliacha kupakia. Bwana Haraka akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema taratibu, "Punguza presha, mzee. Hapa tunatunza kuku waliokwisha kufa. Hatutunzi roho za watu."

Watu walicheka. Mimi nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka lori lilipoondoka.

Sasa Dada, kaa chini. Kama unasoma umesimama jikoni, tafadhali vuta kile kigoda. Na kama Shemeji yuko karibu, soma kwanza peke yako.

Unakumbuka ulinipa ile kazi ya uhudumu nilipokuwa nimefukuzwa kwenye machimbo ya kokoto, nina miaka ishirini na minne na sina mbele wala nyuma. Ulinitetea kwa mganga wa zamani, ukasema mdogo wangu ni mvivu wa shule, si mvivu wa kazi. Nilifagia, nilichemsha vyombo, niliita namba siku za kliniki. Na nililea ile friji ya mafuta ya taa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinipigisha magoti chini, shavu sakafuni, kutazama moto. Ukasema moto ukiwa wa buluu friji inapumua, ukiwa wa manjano inakohoa, na masizi yakijaa kwenye bomba inakufa. Asubuhi kipimajoto, jioni kipimajoto, karatasi mlangoni. Ukanionyesha chupa moja ya chanjo ukasema chanjo ikipata joto inakufa kimya, haibadiliki rangi, haitoi harufu, unaweza kumchoma mtoto maji matupu ukadhani umemkinga. Nimeyaandika haya ili nisijisingizie ujinga. Nilijua. Hakuna aliyejua vizuri kuliko mimi isipokuwa wewe.

Ule mwezi wa joto, kabla ya mwaka wa surua, uliitwa semina ya wiki nzima. Uliondoka Jumatatu. Mganga naye alikuwa likizo. Uliniachia ufunguo, ukaniambia huna wasiwasi.

Alhamisi kulikuwa na mashindano ya mpira mji wa pili. Kipa wa timu ya kwetu alivunjika kidole, wakanifuata. Unakumbuka nilivyokuwa najiona kwenye goli. Nikawaambia siwezi, nina kazi. Wakaniambia ni mechi moja tu, jioni umerudi. Kabla ya kutoka nilitazama kipimajoto, nyuzi nne. Kila siku ilikuwa nne. Wiki nzima nne, mwezi mzima nne, mpaka nilikuwa naota nne. Nikachukua kalamu nikajaza Alhamisi jioni. Halafu nikaona nijaze na Ijumaa, nikichelewa lori lisionekane pengo. Halafu mkono ukaendelea wenyewe mpaka Jumapili jioni. Nne, nne, nne, nne. Nilijaza nikiwa nimebeba viatu vya mpira begani.

Tulishinda ile mechi ya kwanza. Ndiyo bahati mbaya yenyewe. Tukabaki kwa ya pili, tukabaki kwa fainali. Jumapili asubuhi nilifungwa mabao manne. Nne. Kama kuna mtu huko juu anayefanya mizaha, huo ulikuwa mzaha wake.

Nilifika zahanati Jumapili mchana. Nilisikia kabla ya kuona, maana ile friji ilikuwa na kamlio kake, na hapakuwa na mlio. Nikalala sakafuni. Moto ulikuwa umezimika, utambi mweusi, bomba limejaa masizi. Sijui ulizimika lini. Labda jioni ileile ya Alhamisi. Nilifungua mlango, joto likanipiga usoni kama mtu aliyenipumulia. Pakiti za barafu zilikuwa maji. Kipimajoto kilikuwa ishirini na tisa.

Kosa, Dada, mtu anaweza kulifanya na bado akawa mtu. Nilipokuwa pale sakafuni bado nilikuwa nimefanya kosa tu. Ningekuandikia kijibarua, nikakwambia ukirudi chanjo zitupwe. Ungenipiga kofi, ungeagiza nyingine, yangekwisha. Lakini nilisafisha utambi. Nikasugua bomba. Nikawasha, nikangoja moto uwe wa buluu, nikapangusa maji, nikapanga chupa zako kama ulivyozipanga. Uliporudi Jumatatu jioni friji ilikuwa inapumua, kipimajoto nne, karatasi nne. Ukanisifu. Ukasema, sasa naweza hata kusafiri.

Jumanne ilikuwa kliniki. Niliita namba mwenyewe. Walikuja watoto kumi na tisa. Ulikuwa unawachekesha kabla ya kuwachoma, kama kawaida yako, na kila ulipochoma mimi nilikuwa nataja anayefuata. Namba kumi na mbili alikuwa kile kitoto cha fundi cherehani, na kofia yake ya manjano.

Miezi mitano baadaye surua ikaja. Sina haja ya kukukumbusha. Kwamba walioumwa sana ni wale wenye kadi zenye muhuri. Kwamba kina mama walikuja na kadi mkononi wakikuuliza, Sista, si ulimchoma? Kwamba hakufa mtu, kwa sababu wewe hukulala. Na kwamba jicho moja lilikufa.

Mkaguzi akaja kutoka wilayani na faili. Asubuhi ile, kabla gari lake halijafika, uliniuliza swali moja. Uliniuliza kama ulipokuwa semina moto ulikuwa wa buluu siku zote. Nikasema, "Wa buluu, Dada." Ulinitazama. Kisha ulikwenda kwenye kabati unakoweka karatasi za zamani, ukachomoa ile ya wiki ya semina, ukasimama nayo dirishani muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio. Ukaikunja mara nne ukaitia kwenye mkoba wako. Mkaguzi alipouliza karatasi ya wiki hiyo iko wapi ulimwambia ililowa ikatupwa. Wewe, ambaye hata umri wako hujawahi kuupunguza. Akaandika uzembe kwenye faili lako. Kwa neno hilo moja ulinyimwa cheo cha umetroni mara mbili, na ukabaki kwenye ile zahanati ya vyumba viwili wakati wadogo zako kazini wanakwenda hospitali kubwa.

Gari lilipoondoka uliniambia sentensi moja, na mpaka leo hujaongeza ya pili: "Kuanzia sasa, Jumapili nitaangalia mwenyewe."

Dada, sentensi hiyo nimeitafuna miaka ishirini na miwili. Nimeitafuna nikifyatua matofali, nikichimba mitaro ya bomba, nikibeba haya makuku. Ulikuwa unaniambia kwamba unajua, au ulikuwa unajiadhibu kwa kusafiri? Ile karatasi uliificha kunilinda mimi, au uliona visanduku saba vya wino mmoja ukaogopa utaulizwa kwa nini hukumsimamia mhudumu wako? Mwezi uleule niliacha kazi, nikakwambia mikono inawasha kwa dawa ya kusafishia. Kila mahali nilipokwenda nimekaa kidogo nikahama. Watu wanasema nina miguu ya popo, haijui kutua chini. Wewe ulinitetea watu wasinicheke, ukasema mdogo wangu anatafuta maisha. Sikuwa natafuta. Nilikuwa nakimbia Jumapili, kwa maana kila Jumapili asubuhi, popote nilipo, saa tatu ikifika najua mtu mwenye goti bovu anapanda kilima kwa ajili ya uongo wangu.

Na sasa wanataka kukuvika heshima kwa Jumapili hizohizo, na mimi nisimame pembeni nishuhudie nilichokiona kwa macho yangu.

Nimewaza kukataa. Nilikwisha andika kwamba hawanipi ruhusa. Ndiyo barua ya kwanza niliyoichana. Nimewaza kuja nikasema uzuri wako tu, maana uzuri wako unatosha kujaza mchana mzima. Ndiyo ya pili. Ya tatu nilisema nitapanda jukwaani nieleze yote mbele ya mganga mkuu na wilaya nzima, na nilijisikia shujaa kwa muda wa nusu saa. Kisha nikamsomea Kobe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, na ile karatasi aliyoificha dada yako utaisemaje? Nikaikunja barua. Akasema, angalia usije ukajivua mzigo wako ukamtwika yeye mbele ya watu, siku ya sherehe yake.

Ndiyo maana naandika mapema. Haya ndiyo niliyoamua, na yale ambayo ni yako kuamua nimekuachia.

Nitakuja. Bwana Haraka nimeshamwambia, na aliponiuliza nitarudi lini nilimwambia Profesa amestaafu. Nikifika, kabla ya sherehe, nitakwenda kwa fundi cherehani. Nitamwambia yeye na binti yake, ana kwa ana, kwamba jicho lile si kosa la Sista, ni langu. Hilo sikuombi ruhusa, Dada, nisamehe. Ni lao. Binti akitaka kunifuta kwenye orodha ya mashahidi ndiye katibu, kalamu anayo. Akitaka nipande, nitapanda, na nitasema niliyeuacha moto uzimike ni mimi, na aliyebeba jina la uzembe hakuwa mzembe hata siku moja.

Kuhusu karatasi sitafungua mdomo, jukwaani wala popote. Hiyo ni yako. Lakini kama bado unayo, na nakujua, hutupi hata kisoda, naomba uiweke juu ya meza ya jikoni siku nitakayofika. Nikiikuta nitajua kwamba ulijua, na kwamba miaka yote uliyokuwa ukiniita mdogo wangu uliniita ukijua ni nani unayemwita. Nisipoikuta, basi nitakaa nikusimulie upya kwa mdomo, maana itakuwa umeyasikia haya leo kwa mara ya kwanza, na barua haitoshi. Usinitandikie kitanda kabla hujajua unataka nilale wapi. Benchi la nje linanitosha. Nimelala kubaya zaidi.

Nisalimie Shemeji. Wapwa wasiambiwe chochote kwanza, niache niwe Mjomba Barafu mpaka nifike. Kobe anakusalimu sana ingawa hamjuani. Anasema nikwambie kwamba yeye angependa kuheshimiwa na mtu aliyemwona, hata kama mtu huyo ni mkosaji.

Nitafika Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, kwa basi la mchana, nikijaliwa. Sherehe ni Jumamosi ya tarehe 11. Kesho yake ni Jumapili, na najua umebakiwa na Jumapili chache kabla ya kustaafu. Hiyo moja naiomba. Wewe lala, au kaa tu kitandani ukitazama dari, sijui watu wanaopumzika hufanya nini. Niachie ufunguo. Na kama huwezi kuniachia, sitanung'unika. Tutapanda kile kilima pamoja, wewe utashika kalamu, na mimi nitakusomea kipimajoto kinavyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda.